Mpangaji Aliyeomba Ruhusa ya Kufagia

Paukwa.

— Pakawa.

Mlango?

— Uko wazi.

Ndani kuna nani?

— Ingia wewe kwanza, utuambie.

Haya, naingia, nanyi nifuateni, ila mwangalie mnapokanyaga.

Hapo zamani, zamani za nyumba kuinama na watu kuendelea kulala ndani yake, palikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani. Mto wa kwao ulifurika. Ukachukua nyumba, ukachukua mbuzi, ukachukua hata mafiga. Alichookoa ni kibuyu kimoja, na ndani ya kibuyu mna mbegu za mtama mwekundu. Akakibeba kichwani siku tatu, akaingia mji wa mlimani ambako hakumjua mtu.

Akapiga hodi kwa Mzee Kitwana. Mzee huyu alikuwa na nyumba mbili zilizopakana: mpya aliyokaa mwenyewe, na kuukuu aliyoipangisha.

"Shikamoo, baba. Nimesikia una nyumba."

"Marahaba, mwanangu. Ninayo, na shamba la nyuma linakwenda pamoja nayo. Ukivuna, utanipa kikapu kimoja cha mtama. Ukihama, shamba linabaki."

"Nimekubali, baba."

"Ngoja kwanza. Mle ndani mna wapangaji wengine. Kunguni wako kitandani, mende wako jikoni, panya wako darini. Usiue, usifukuze, usizibe tundu la mtu."

Sikudhani akamtazama usoni atafute kicheko. Hakukiona.

Na nyinyi msimcheke Mzee Kitwana. Miaka ya nyuma alimtoa shemeji yake, mke wa marehemu kaka yake, katika nyumba ile ile. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maneno matupu, na siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Mji mzima ukamwona yule bibi amesimama njiani na mkeka wake kichwani, maji yakimchuruzika. Watu wakamsema Kitwana mwaka mzima. Akaona haya hata kwenda kisimani. Ndipo akaapa kwamba hakitatoka tena kiumbe katika nyumba ile kwa amri yake wala kwa idhini yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Panya nao, waliposikia kile kiapo, wakatuma salamu kwa jamaa zao wote.

Basi Sikudhani akahamia. Akalala, kunguni wakamla. Akapika, mende wakamsaidia kula. Akafunga kibuyu chake juu ya meko, kwenye boriti, kwa kamba ya mkonge ya nyuzi tatu, ili moshi uzilinde mbegu mpaka mvua za kupandia. Mara akasikia mtu anakohoa. Akatazama juu. Panya buku, mkubwa kama mtoto wa paka, amekaa juu ya boriti na mkia wake unaning'inia.

"Wewe mpangaji wa lini?" akauliza Buku.

"Wa leo, mzee wangu."

"Sisi babu yetu alizaliwa humu. Hicho kibuyu kina nini?"

"Dawa ya tumbo."

"Mbona inanukia mtama?"

Buku akaramba sharubu.

"Meno yangu ni ya uzee, mwanangu, siwezi haraka. Nitakata uzi mmoja kwa siku. Siku ya tatu tutakunywa dawa."

Mnaelewa jambo lilipofikia? Mbegu zikiliwa, hakuna kupanda. Asipopanda, kikapu cha Mzee Kitwana atakijaza nini? Na yeye mwenyewe atakula nini?

Siku ya kwanza uzi mmoja ukakatika. Sikudhani akaenda kwa jirani yake, Bi Mashavu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa.

"Lete kibuyu kwangu," akasema Bi Mashavu.

"Siwezi, mama. Kwetu mbegu hailali nyumba isiyo ya mpanzi. Ikilala kwako, itaota kwako."

"Nyie watu wa mtoni na mambo yenu. Basi nenda kwa Kitwana, kaombe paka."

Akaenda kwa Mzee Kitwana. "Baba, nifuge paka?"

"Paka ataua. Hapana, mwanangu."

Siku ya pili uzi wa pili ukakatika. Akaenda tena. "Baba, nifukize majani ya mwarobaini?"

"Moshi utafukuza. Hapana, mwanangu."

Mzee alisema hapana huku akitazama chini, maana yule binti macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na hapana ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.

Siku ya tatu, uzi umebaki mmoja. Sikudhani akatoka asubuhi na mapema, akamkuta Bi Mashavu anamwaga majivu kuizunguka nyumba yake.

"Unafanya nini, mama?"

"Manyunyu yameanza, siafu wako njiani. Majivu hawayavuki. Kwako usihangaike, Kitwana huizungushia nyumba ile majivu mwenyewe kila mwaka, asije mpangaji akaumwa."

"Na wakiingia?"

"Wakiingia, unawapisha. Hawaachi kitu chenye miguu."

"Na mtama?"

"Siafu na mtama wapi na wapi?"

Sikudhani akacheka. Tangu mto uchukue nyumba yake alikuwa hajacheka. Akaenda mara ya tatu kwa Mzee Kitwana, akamkuta anachambua maharage.

"Baba, kufagia je?"

"Kufagia nini?"

"Nje, kuizunguka nyumba. Majani, vumbi, majivu, kila kilichopo."

Mzee alikuwa amechoka kusema hapana. Akalipokea ombi lile kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mpangaji asiyefagia ni mpangaji gani? Fagia, mwanangu, fagia."

Akafagia. Akafagia mbele, akafagia nyuma, akafagia ubavuni, huku akiimba. Mnitikie:

Nifagie, nisifagie?

— Fagia.

Mwenye nyumba amesemaje?

— Fagia.

Mchirizi wa majivu ukaondoka wote. Akaacha mlango wazi, na kizingitini akaweka kichwa cha samaki mkavu. Kula samaki hakuna aliyemkataza. Kisha akaenda kusimama juu ya jiwe, khanga ameikunja magotini.

Alasiri wakaja. Mstari mweusi, mwembamba, ukatoka kwenye majani, ukakigusa kichwa cha samaki, ukapanuka.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Sikudhani.

Siafu wakaingia. Kunguni hawakupata nafasi ya kuaga. Mende wakakimbilia ukutani, ukutani kuna siafu. Wakakimbilia dirishani, dirishani kuna siafu. Panya wakateremka darini, mama na watoto midomoni, wakatoka mbio bila kutazama nyuma.

Buku peke yake alibaki juu ya boriti. Alikuwa ameushika uzi wa mwisho kwa meno.

"Sikudhani, wafukuze wageni wako."

"Siruhusiwi kufukuza, mzee wangu. Muulize mwenye nyumba."

"Basi nakata."

Akakata. Kibuyu kikaanguka, kikapasuka, mtama mwekundu ukatapakaa sakafuni. Sikudhani akainua mguu aingie, akaurudisha. Hapakuwa na pa kukanyaga. Buku akachungulia chini ajirushe juu ya karamu yake, akaona sakafu yote inatembea. Siafu wa kwanza akamshika mkia. Akaruka dirishani, na mpaka leo hakuna aliyemwona kurudi kuulizia dawa.

Mzee Kitwana akatokea mbio, fimbo mkononi, akawaona wapangaji wake wa zamani wanavuka njia katika manyunyu, wamelowa, watoto midomoni. Akasimama.

"Umewafukuza, mwanangu."

"Nimefagia, baba. Wametoka wenyewe."

Mzee akaegemea fimbo yake. Alikuwa anawatazama wale panya, lakini mimi nadhani hakuwa anaona panya. Sikudhani akashuka kwenye jiwe, akasimama karibu naye.

"Baba, Bi Mashavu aliniambia habari za shemeji yako."

"Mashavu anamwambia kila mtu."

"Umewatunza panya miaka yote hii. Yeye uliwahi kwenda kumwona?"

"Yuko nyuma ya mlima ule. Nusu siku."

"Nimeuliza kama ulikwenda."

Mzee akaikuna ardhi kwa fimbo. "Panya walikuwa karibu," akasema.

Jua lilipoanza kushuka siafu wakajikusanya, wakatoka kama walivyoingia, mstari mmoja. Nyumba ikawa kimya. Sikudhani akaingia, akapiga magoti, akaanza kuokota mbegu, punje baada ya punje. Mzee Kitwana naye akavua viatu, akapiga magoti upande wa pili. Macho yake yalikuwa mabovu, kwa hiyo aliokota na vijiwe, naye Sikudhani akavitoa polepole bila kumwambia. Hakuna punje iliyoliwa.

Usiku mvua ikanyesha ya kweli. Asubuhi Sikudhani akachukua jembe, akachimba mashimo yake, punje tatu kila shimo. Alipoinuka kunyoosha mgongo, akamwona mzee kule juu, kwenye njia ya mlima, anapanda na fimbo yake. Alikuwa anatembea taratibu, anasimama, anageuka nyuma, kisha anaendelea. Kule aliambiwa nini, akasamehewa au akafungiwa mlango, mimi sikuwapo. Ninachojua ni kwamba alipanda mpaka juu, akavuka, na Sikudhani akainama tena kwenye shimo lake.

Hadithi yangu nimeshaipukuchua. Punje njema chukueni nyinyi, makapi niachieni mimi.