Kompyuta Iliyozirai Nyumbani kwa Bwana Mbaruku

Mbelwa Shekolowa, fundi wa kompyuta mjini Korogwe, alifanyia kazi kwenye baraza la duka la Bwana Mbaruku Sefu. Asubuhi moja Bwana Mbaruku aliibwaga kompyuta mpakato yake mezani.

“Tangu uitengeneze imekuwa kobe, tena inajizima! Umeninyofolea kifaa cha ndani. Kirudishe, ama uhame barazani kwangu.”

Mbelwa aliigeuza, akachungulia ubavuni, akaiwasha. Ilifanya kazi vizuri.

“Mbona nzima, bwana?”

“Hapa inakuogopa. Nyumbani inazirai!”

“Basi chukua yangu ukaitumie kwako kama unavyotumia hiyo. Isipozirai, nitahama. Ikizirai, hunihamishi tena.”

“Nipe mkono!” alisema Bwana Mbaruku, akaondoka anacheka.

Jioni alirudi anahema. “Nayo imezirai! Nyumba yangu ina nini?”

“Nyumba haina neno. Kuna mtu amekufumia kifuniko cha sufi nyekundu?”

“Mama mkwe wangu. Mimi huivalisha kompyuta hata nikiitumia, yeye asije akanuna; na yako nimeivalisha. Nani kakwambia?”

“Nyuzi zake zimejaa kwenye matundu ya feni ya kompyuta yako. Mashine haipumui, bwana.”

“Ulijua tangu asubuhi! Mbona hukusema?”

“Asubuhi sikuwa na hakika ya baraza; sasa hunihamishi. Ningemsemaje mkweo?”

Bwana Mbaruku alikaa kitako. “Sasa mimi nitamwambia nini?”

“Mwambie akifumue, akufumie wewe sweta. Wewe huna feni.”