Mkandikaji Asiyeambiwa Basi

Haya sikusimuliwa, wapendwa. Nilikuwepo, nimesimama kama ninavyosimama hapa, na hakuna aliyeona vizuri kuliko mimi.

Muuza kuku mmoja alikuwa na nyumba ya udongo yenye ujia mmoja. Mwisho wa ujia, chumba. Ndani ya chumba, mama yake, hawezi kutembea. Chakula cha mama kilipita hapo, njia nyingine hapana. Na hapo hapo kila asubuhi yule bwana alipitisha ndoo ya maji yanayochemka, ya kunyonyolea kuku. Asubiri yapoe? Thubutu! Maji yanamwagika, udongo unabanduka.

Akatafuta mkandikaji. "Fundi, ukisikia nagonga dirisha, ujue pamebanduka. Kandika."

"Sawa, bosi."

Fundi hodari, hata mimi nilikosa la kumkosoa.

Siku moja bawaba ya dirisha ikakatika. Upepo ukawa unaligonga, ko, ko, ko, mchana kutwa. Fundi akakandika palipobanduka na pasipobanduka.

"Baba watoto, ujia unabana!" mke wa muuza kuku akalia. "Sahani ya ugali naipitisha kwa ubavu!"

"Ukuta mnene ni sifa, mke wangu. Mpelekee mama uji."

Wiki haikuisha, kikombe cha uji nacho kikagoma kupita. Mama anaita kutoka ndani: "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Jamaa akamkaba fundi. "Wewe hujui kuacha?"

"Bosi, neno la kuanza ulinipa. La kuacha ulinipa lini?"

Ikaletwa nyundo, ukuta ukavunjwa, mama akala.

Mnacheka? Haya, shikeni koo zenu. Huo ndio ujia. Daktari alinieleza, na mimi ambaye darasa la saba sikulimaliza nikaelewa: chembe za mwili hupelekeana ujumbe. Unguza koo kwa chai inayotokota, ujumbe unakwenda: jengeni. Pakipona, unakwenda mwingine: basi. Sasa ule wa kwanza ukinasa, wa pili usisikike, zinajenga tu, zinajenga, na hiyo ndiyo saratani.

Na sisi je? Nani humu anasukumia tonge kwa maji, mwezi wa pili huu, anasema ni kiungulia? Nani linamkwama, anageuza uso mkewe asione? Tunafunga, tunaomba, na dirisha linagonga! Tunangoja mpaka uji ukatae? Nendeni hospitali kesho, tonge lingali linapita.

Nami niungame. Fundi nilimwona, kilio nilikisikia. Ile nyundo nimeitunga mimi. Hakuna aliyeileta, na mama hakula tena.