Zimwi Lililozungushiwa Ndani

Paukwa!
Pakawa!
Mpaka!
Umepigwa!
Na zimwi?
Li wapi?

Hilo ndilo nitakalowaambia. Kaeni vizuri, na wewe uliyeshika mkia wa paka, mwachie.

Walikuwapo Warumi wa kale, wakati huo wakiwa kijiji tu juu ya kilima kimoja. Chini yao palikuwa na mto, na kwenye mto kivuko cha maji ya magoti, ambako chumvi ilipita kwenda bara. Mbele yao palikuwa na vilima viwili vyenye watu wengine. Katikati ya vilima vyote vitatu, kinamasi. Na ndani ya kinamasi, zimwi.

Kinamasi hicho kiliwafanya watu wasijuane. Jirani unamwona kabisa anaanika nguo zake, lakini kumfikia ni kuzunguka nusu siku. Basi wakaogopana, na kuogopana kukazaa vita.

Warumi walikuwa na desturi yao. Kijiji kilizungushiwa mfuo, yaani mtaro mwembamba uliochorwa na plau linalokokotwa na fahali mweupe na ng'ombe jike mweupe. Mfuo haurukwi, si na mtu, si na zimwi. Anayeukanyaga mguu wake unakauka. Mahali pa lango, mlimaji huliinua plau akalibeba, ndipo watu wapite. Na mfuo ukishapigwa, hakuna awezaye kuufuta ila yule aliyeupiga.

Mlimaji alikuwa mzee Vibio. Alikuwa na binti mmoja, Numeria, aliyewachunga wale ng'ombe.

Siku moja zimwi likaja likasimama nje ya mfuo. Likasema, "Niko ng'ambo, mtanifanya nini?"

Basi mkuu wao, Manio, akawakusanya vijana ili waizungushe na hiyo ng'ambo. Wakakiteka kilima cha pili, wakachukua ngao ndefu za watu wa huko, wakawachukua na watu wenyewe. Vibio akapiga mfuo wa pili.

Zimwi likaja tena. Likasema, "Niko ng'ambo, mtanifanya nini?"

Wakakiteka kilima cha tatu. Huko wakajifunza kuchonga mawe. Kila walipoteka walibadilika kidogo, ila hofu yao ilibaki ile ile.

Manio akamwita Vibio. "Mzee, safari hii zungusha vilima vyote vitatu. Na plau usiliinue mahali popote."

"Mkuu, watu watatokea wapi?"

"Lango ndilo litakaloliingiza zimwi. Hayo ya kutoka tutayajua kesho."

"Hata pa kwenda kuteka maji?"

"Piga mfuo, mzee."

Vibio akapiga. Alipoufunga mfuo, watu wakashangilia, wakalala usingizi mzuri.

Nyinyi mnacheka. Mmeshaona. Wao hawakuona.

Asubuhi zimwi likainuka katikati yao, matope yakilichuruzika. Likasema, "Niko ndani, mtanifanya nini?"

Walikuwa wamekizungushia ndani kinamasi pamoja na zimwi lake.

Vibio akakimbilia mfuo ili aufute. Zimwi nalo halikuwa jinga. Likamwahi, likammeza mzimamzima, likarudi kulala. Basi aliyeweza kufungua yumo tumboni, mto uko nje, na watu wana kiu. Manio akakaa chini akaanza kuzikagua kucha zake.

Numeria alilia, wala sitaficha, alilia sana. Kisha akajifuta uso akaenda kuwafunga nira ng'ombe.

Manio akauliza, "Unakwenda wapi, binti?"

"Kwa baba."

Ilikuwa saa sita mchana, na zimwi limeshiba, linakoroma. Numeria akapiga mfuo kuzunguka ukingo wa kinamasi. Jua linachoma, anapiga. Mikono inatoka damu, anapiga. Zimwi linageuka usingizini, anapiga. Akafika alipoanzia, na plau hakuliinua.

Zimwi likaamka, likanyoosha mguu. Kidole kikakauka. Likaurudisha mguu haraka.

"Nani kapiga huu?"

"Mimi, Numeria wa Vibio. Uko ndani, mzee. Utanifanya nini?"

Zimwi likafikiri siku nzima. Halafu likasema, "Nifungulie."

"Kwanza baba."

Likamtapika Vibio nje ya mfuo. Alitoka mzima, ila ndevu zote zimenyonyoka. Numeria akamshika mkono, hakumwachia.

"Sasa nifungulie."

"Hutapita mitaani ukameza watu. Utachimba njia yako mwenyewe mpaka mtoni."

Basi Vibio akaufuta mfuo wake mkubwa upande wa mto, kisha baba na binti wakapiga mifuo miwili sambamba, kutoka kinamasini mpaka mtoni, ili zimwi lisichepuke. Mwisho Numeria akaufuta mfuo wake kwa unyayo, pale tu njia ilipoanzia. Zimwi likachimba kati ya mifuo, likachimba, likachimba, na maji ya kinamasi yakalifuata nyuma. Likaangukia mtoni, likaenda na maji, na kinamasi kikakauka.

Watu wa vilima vitatu wakashuka. Kwa mara ya kwanza wakakutana huko chini, wakaangaliana. Hawakuwa na la kusema, basi wakaulizana bei ya mboga. Pakawa soko.

Siku moja Manio akaja kwa Vibio. "Mzee, zimwi liko ng'ambo. Twende tukaizungushe na ng'ambo."

Vibio akamtazama binti yake, kisha akamtazama mkuu. "Twende," akasema. "Lakini safari hii nitaanza na lango."

Na walikwenda, wakateka mbali kuliko unavyoweza kutembea mpaka viatu viishe. Ila lango lilitangulia.

Ukizungusha mpaka, wanangu, angalia kwanza umezungushia nini, na uache pa kupita.

Hadithi yangu imefika langoni. Mimi natoka, wa mwisho asilifunge.