Sultani Aliyeoga Kutwa

Hapo zamani palikuwa na mji uliokunywa maji ya mfereji mmoja, na Sultani wake alikuwa na desturi aliyoipenda mno: mtu yeyote asiteke maji kabla yeye hajaoga. Akishaoga, ngoma hupigwa, basi mji mzima hukimbilia mfereji kwa pamoja, na watu wa mtaa wa Bondeni, mwisho kabisa wa mfereji, huambulia matope.

Watu wa Bondeni walipolalamika, Sultani akamwita fundi mkuu. Fundi akapima, akasema, "Mfereji ni mwembamba, Seyyid. Tuupanue, na nyumba za Bondeni zibomolewe kuupisha." Yaani walioomba maji watapata maji, ila hawatakuwa na pa kuyaweka.

Huko Bondeni alikaa Faki, fukara asiye na kitu ila kibanda, mkewe Mize, na mdomo. Mize alilia sana. Faki akaenda barazani kwa Sultani.

"Seyyid, mfereji ni mpana. Kutwa nzima maji hupita hapo, hayana mtekaji."

Sultani akaghadhibika. "Basi kesho jua lisizame ila mitungi yote ya mji imejaa! Usipanue mfereji, usiongeze tone, wala usivunje desturi yangu. Ukishindwa, kibanda chako kitabomolewa kwanza."

"Nimesikia na nimetii. Nami naomba Seyyid aoge kila nitakapomwomba."

"Kuoga tu? Nimekubali."

Alfajiri Sultani akaoga, ngoma ikalia, Faki akatangaza, "Sultani amewaogea watu wa mtaa wa Mlimani!" Wakateka wao peke yao, kwa nafasi. Jua lilipopanda, Faki akarudi.

"Seyyid, watu wa Sokoni wanangoja."

"Nimekwisha kuoga!"

"Umewaogea Mlimani, Seyyid. Desturi haivunjwi."

Sultani akaoga. Adhuhuri akawaogea watu wa Msikitini. Alasiri Faki alimkuta amejifunika shuka, vidole vimekunjamana, anapiga chafya.

"Nani tena?"

"Bondeni, Seyyid. Ni wengi, ujisugue vizuri."

Kabla ya magharibi mitungi yote ilijaa, na Mize akapata hata maji ya kufulia. Sultani akamtazama fundi, fundi akatazama miguu yake. Sultani akacheka mpaka akapaliwa.

"Nyumba zibaki. Tangu leo kila mtaa uteke kwa zamu, nioge nisioge. Nawe Faki, nikupe nini?"

"Kibanda changu, Seyyid."

"Hicho si chako?"

"Jana hakikuwa changu."

Sultani akaacha kucheka. Akapiga chafya, akaagiza maji ya moto yenye tangawizi, mabakuli mawili, akampa Faki moja kwa mkono wake.