Chungu Kimoja Kizima

Hapo zamani, usiku umekwisha kuwa mwingi, ulisikika mlio kijijini Kilindwa: pwaa! Chungu kimepasuka. Pwaa! Na kingine. Mbonea, mzazi ambaye arobaini yake haijatimia, akamkumbatia kichanga chake akachungulia kwenye ufa wa mlango, maana nje vijana wa wafugaji walikuwa wanavunja vyungu vya wafinyanzi, vyote vilivyochomwa juzi, na mmoja akisema, "Kesho atakayejipanga nyuma ya Nanzia, na kichwa chake hivi hivi!"

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchagua mkuu. Kilindwa hawakutumia karatasi: wagombea walikaa uwanjani, na kila mtu akasimama nyuma ya amtakaye, mchana kweupe, jirani anakuona. Na tangu Kilindwa iwe Kilindwa, hakuna mfinyanzi aliyewahi kugombea. Walikuwa wachache, walidharauliwa, hata chemchemi ya juu walikatazwa, ati mikono ya udongo inachafua maji. Walichota chini, ng'ombe wakishakunywa. Sasa binti yao Nanzia alikuwa amesema: nikishinda, chemchemi ni ya wote.

Mbonea akaona kijana mmoja ameinua chungu cha mwisho, kile cha kumwogeshea mtoto. Mtoto akalia. Kijana akasita, akakitua polepole kama anayelaza yai, akaondoka. Mbalamwezi ikamulika bangili yake ya shaba. Senkondo! Mtoto wa kaka wa yule mkuu aliyekuwa akishindana na Nanzia.

Mama mkwe wake Mbonea, Bi Nakijwa, hakulia. Aliokota vigae akapita nyumba hadi nyumba. "Shika kigae chako, kesho uje nacho. Vyungu wamevunja, miguu je, si wametuachia?" Akarudi akamwambia Mbonea, "Wewe mwanangu hutoki. Ukivuka kizingiti kabla ya arobaini, balaa la mtoto ni lako."

"Ndiyo, mama."

Asubuhi wafinyanzi wakafika na vigae mikononi, lakini nani aanze? Hakuna. Wafugaji wakacheka: "Nanzia, nyuma yako kumejipanga nani, kivuli chako?"

Ndipo Senkondo akatoka ubavuni mwa baba yake mdogo, akavuka uwanja peke yake, akasimama nyuma ya Nanzia.

"Usirudi nyumbani!" mkuu akafoka.

"Sirudi, baba."

Vijana wenzake wakamfuata, wafinyanzi nao wakamiminika. Mistari ikahesabiwa: sawa kwa sawa. Na kwa desturi yao, mistari ikilingana, mkuu aliyepo anabaki.

Nyumba ya Mbonea ilipakana na uwanja, akasikia tangazo lote. Aliogopa, jamani, lakini akasema moyoni, huyu nitamwogesha maji ya ng'ombe mpaka lini? Akamfunga mtoto mgongoni. Akavuka kizingiti. Akavuka uwanja. Akasimama nyuma ya Nanzia.

"Mzazi hahesabiwi! Huyo ni wa ndani!" wafugaji wakapiga kelele.

"Mimi nahesabu waliosimama," mhesabu akajibu. "Huyu amelala?"

Nanzia akashinda. Vigelegele! Vijana wa wafugaji na wa wafinyanzi walibebana mabegani, wakapanda wote mpaka chemchemi ya juu. Huko mila ni hii: siku chemchemi inapofunguliwa kwa watu wapya, mmoja huchota kwanza, na chemchemi huitwa kwa jina lake vizazi na vizazi. Na chungu kizima kilikuwa kimoja tu, kile cha mtoto.

"Nani achote?" Nanzia akauliza.

"Mimi," akasema Bi Nakijwa. "Nisingegawa vigae, wafinyanzi wangejifungia ndani."

"Walikuja na vigae wakaduwaa," akasema Senkondo. "Mimi nilianza, na leo sina pa kulala."

Mbonea akamkaza mtoto mgongoni, akasema, "Mlifika nyote, mkalingana. Mguu ulioshinda ni wangu. Mama alinikataza, nikamwasi, nikijua mtoto akipatwa na baya nitalaumiwa mimi."

"Kuasi ndiko unakojisifia?"

"Leo tu, mama. Kesho unichape."

Watu wakaangua kicheko. Senkondo hakucheka. Alikitazama kile chungu, akaivutia shuka juu ya bangili. Mbonea akamwona. Neno moja tu, na dai la Senkondo limekufa. Lakini neno hilo hilo, na wale vijana waliobebana wangeshikana mashati pale pale. Akamsogelea, akanong'ona, "Nilikuona. Sitamwambia mtu. Ila mwanangu bado hajaoga."

Senkondo akainamisha kichwa, lakini hakurudi nyuma.

Nanzia amekishika chungu, anangoja. Nawe uliyesikiliza, amua: aliyewatoa watu ndani, aliyevuka wa kwanza, au aliyevuka wa mwisho? Na ule mkono uliovunja vyungu ukabakiza kimoja, uhesabiwe kwa ulivyovunja au kwa ulichobakiza? Je, nani alistahili? Ninong'oneze sikioni, nami naapa, sitamwambia mwingine.