Kuro Aliyechelewa Kuomba Maziwa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tupo wote. Watoto sogeeni mbele, na wakubwa msijifanye hamsikilizi. Kuna mahali mtacheka, lakini chekeni mapema, maana huko mbele kicheko kinakwisha.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na mto. Kando ya mto palikuwa na matete. Ndani ya matete waliishi kuro. Kuro mnamjua? Ni mnyama mkubwa kama ng'ombe mdogo, manyoya marefu, na matakoni ana duara jeupe kama aliyekalia chokaa mbichi. Tena ananuka. Ananuka kweli. Simba mwenyewe akiisikia harufu yake hugeuza uso.

Kati ya kuro hao alikuwapo mmoja, jina lake Sikudhani. Sikudhani alikuwa na mimba.

Lakini neno hilo, mimba, pale mtoni halikutamkwa. Ulikuwa mwiko. Kuro mwenye mimba walisema ameshiba. Tumbo likitoka, ameshiba. Akishindwa kupanda ukingo, ameshiba sana. Na aliyeshiba haandaliwi kitu. Hatafutiwi mahali pa kuzalia, haombewi msaada, wala hakuna atakayemtaja mtoto mpaka mtoto mwenyewe asimame kwa miguu yake. Walisema ukimtaja kabla hajafika, kifo kinasikia na kinatangulia kumpokea. Msiwacheke. Walikuwa wamepoteza watoto wengi mno, mpaka wakaanza kuogopa hata maneno.

Aliyeulinda mwiko huo alikuwa kungwi wao, kuro mkongwe aitwaye Bi Nyamizi.

Sasa, masika yaliyopita Sikudhani alikuwa amezaa. Alizaa kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo, manyoya hayajajaa, na mdomo wake haukuwa na nguvu ya kunyonya. Akamwekea chuchu mdomoni, ikatoka. Akamwekea tena, ikatoka. Maziwa yalikuwapo. Maziwa yapo hapa, mdomo upo hapa, na katikati hapana njia. Mtoto akapoa. Chuchu isiponyonywa, maziwa hukatika, basi na maziwa yakakatika. Bi Nyamizi akaja, akamlamba uso, akamwambia, "Pole mwanangu. Utashiba tena."

Akashiba tena. Na safari hii tumbo likashuka mapema kama lile la kwanza. Akipanda ukingo, maumivu yanamshika kiunoni. Yanamwachia. Yanamshika. Akajua moyoni kwamba na huyu huenda asingoje siku zake.

Sikudhani alikuwa na rafiki, tumbili jike aitwaye Kibibi. Kila asubuhi Kibibi alishuka mtini, puu, akatua mgongoni mwa kuro, akamtoa kupe. Alikuwa na maneno mengi kuliko kupe.

"Leo unanuka," alisema Kibibi, "kama jana na juzi zimelala kitanda kimoja."

Sikudhani hakucheka. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akasema polepole, "Kibibi, kwato hazikamui."

"Hazikamui. Kwani nani anataka kukamuliwa?"

"Mimi. Siku nitakayozaa. Nikizaa mapema."

Kupe akamponyoka Kibibi mkononi. Tangu azoeane na kuro, hakuwahi kumsikia mmoja wao akisema neno kama hilo. Akaacha mzaha. Akakaa chini, akaeleza anayoyajua, maana kwao tumbili watoto wa kabla ya wakati hawakuwa wageni. Alisema mdomo wa mtoto ukishindwa, mkono wa mtu mzima huweza. Mama akamuliwe mara tu anapozaa, bila kungoja, na akamuliwe tena na tena, kama vile mtoto angenyonya, ili kiwele kiamini kwamba kuna anayenyonya. Na maziwa yadondoshwe shavuni kwa ndani, tone, tone, mtoto asipaliwe.

Kibibi akatafuta ganda la konokono. Akaliosha mtoni, akalianika juani, akausugua mdomo wa lile ganda juu ya jiwe, kwaru kwaru kwaru, mpaka ukawa laini. Sikudhani naye akakanyaga matete makavu mahali pa siri, yakawa laini kama pamba, mtoto apate joto. Hayo yote yakawa tayari.

"Limebaki moja," alisema Kibibi. "Mzazi wa mapema, maziwa yake nayo huchelewa kushuka. Utahitaji kuro mwingine mwenye maziwa. Mke mwenzako Mwatumu bado ananyonyesha. Mwambie asimwachishe mwanawe kwanza."

"Nitamwambia," alisema Sikudhani.

Akaenda kwa Mwatumu.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

"Salama. Na wewe?"

"Nimeshiba."

"Naona."

Wakala majani. Mtoto wa Mwatumu, dume kubwa lisilo na haya, akaja akanyonya mpaka mama yake akayumba. Sikudhani akayatazama yale maziwa. Maneno yakapanda mpaka kooni, yakarudi.

"Umemwambia?" aliuliza Kibibi.

"Kesho."

Kesho yake akaenda tena. Umeamkaje, salama, nimeshiba, naona. Wakala majani. Wakazungumza habari za mamba. Akarudi.

"Umemwambia?"

"Bado. Kesho."

Hiyo kesho ndiyo siku Bi Nyamizi alipoliona lile ganda kwenye matete. Hakulivunja. Hakupiga kelele. Aliuliza ni la nini, na Sikudhani, kwa kuwa hakujua kusema uongo, akamwambia. Kungwi akalinusa lile ganda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niliwahi kuandaa, mwanangu. Nilitandika majani, nikachagua na kivuli. Watoto wale hawakukaa. Majani yalibaki peke yake, na mimi nayatazama. Basi nikaona afadhali nisitandike tena."

Akaondoka kwa kuchechemea. Angegomba, Sikudhani angebishana naye. Lakini hakugomba. Kutoka siku ile Sikudhani alikwenda kwa Mwatumu asubuhi, akala majani, akarudi, na Kibibi akaacha kuuliza.

Mtoto akaja asubuhi moja ya ukungu. Akaja mapema, kama mama yake alivyoogopa. Alikuwa jike, mdogo kama sungura aliyelowa, mbavu zinahesabika. Lakini anapumua. Sikudhani akamlamba, akamlaza kwenye matete makavu. Kibibi akafika mbio, chapu chapu, ganda mkononi. Akashika chuchu, akakamua, akaimba:

*Tone, shuka, shuka tone,*
*mgeni yuko mlangoni,*
*kinywa chake ni kidogo,*
*tone, shuka, shuka tone.*

Likatoka tone. Likatoka la pili. Ilikuwa dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya manjano, na ilikuwa kidogo, imelala tu kwenye mkunjo wa ganda. Kibibi akaidondosha shavuni mwa mtoto. Wote wawili wakatazama koo. Koo likapanda. Koo likashuka.

"Amemeza," alisema Kibibi.

Sikudhani akalilamba lile koo. Kwa muda ule mdogo, watoto wangu, alikuwa na furaha kuliko kuro yeyote aliyewahi kunywa maji ya mto ule.

Kibibi akakamua tena, akaimba tena. Tone. Akakamua tena. Hakuna. Akapumzisha mkono, akakamua. Hakuna. Ukungu ukaondoka, jua likapanda, mtoto akaanza kulia. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Kisha hata hiyo ikapungua.

"Nakwenda kwa Mwatumu," alisema Kibibi, na hakungoja jibu.

Mwatumu alikuja. Alikuja mbio, akivunja matete, akisahau mwiko na wenye mwiko. Akasimama kando ya mtoto, akatanua miguu. "Kamua," alisema. Kibibi akakamua chuchu hii, akakamua ile. Kavu. Kavu kama gome.

"Nimemwachisha mwezi ulipoandama," alisema Mwatumu. "Nimempiga mateke mpaka akazoea majani." Akamgeukia Sikudhani. "Ulikuja kwangu kila asubuhi. Tulikula pamoja, midomo yetu karibu. Mbona hukuniambia? Ningemwacha anyonye mpaka pembe zimtoke."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Hapakuwa na aliyemziba mdomo. Neno lilikuwa lake, na asubuhi zilikuwa zake.

Waliendelea. Kibibi alikamua mpaka vidole vikamfa ganzi, na kila tone lililotoka mtoto alipewa. Mwatumu akalala upande mmoja, Sikudhani upande wa pili, wakamtia joto katikati yao. Jua lilipoinama, Kibibi alidondosha tone. Koo halikupanda. Akangoja. Tone likatoka pembeni mwa mdomo, likashuka kwenye manyoya.

Kimya, ji.

Asubuhi yake maziwa yakaja. Naam, yakaja. Kiwele kikajaa, kikavimba, kikauma, maziwa yakavuja yenyewe, churuu, yakamwagika majanini. Sisimizi wakaja wakanywa. Sikudhani alikuwa amelala palepale, hali, hanywi, anawatazama sisimizi.

Kibibi alifika na ganda lake, asijue la kufanya nalo. "Tuyaache yakatike?" aliuliza.

Sikudhani aliendelea kuwatazama sisimizi mpaka kivuli cha matete kikasogea.

"Kamua," alisema.

Kibibi akakamua, akamwaga chini. Kisha Sikudhani akainuka. Akaenda mpaka pale wenzake wanapokunywa maji, akasimama mbele yao, Bi Nyamizi yumo, Mwatumu yumo. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nina maziwa. Nitaendelea kukamuliwa yasikatike. Mwenye mimba na aniambie."

Vichwa vyote vikainuka majini. Neno lilikuwa limetamkwa. Mmoja akaondoka, wa pili akaondoka, wote wakapanda ukingo, na Mwatumu akabaki nyuma yao kidogo, akamtazama, naye akapanda. Bi Nyamizi aliondoka wa mwisho.

Siku zikapita. Kila siku Kibibi alishuka mtini, akakamua, akamwaga. Alikamua asubuhi, akakamua mchana, akakamua jioni, na ardhi ikanywa yote. Hakuimba tena. Sikudhani alisimama tu, macho kwenye maji. Kila maziwa yalipogusa udongo, aliona kama anamzika yule mtoto upya. Mara nyingi alitaka kusema basi. Hakusema.

Ndipo asubuhi moja matete yakafunguka, akatokea Kabula. Kabula alikuwa binti wa mwisho wa Bi Nyamizi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kushiba. Alikuja kwa hatua fupi fupi. Nyuma yake, mbali kidogo, Bi Nyamizi alikuwa amesimama na kuwapa mgongo, akitazama ng'ambo ya mto kana kwamba kuna kitu huko. Lakini hakuondoka.

"Dada," alisema Kabula.

"Nakusikia."

"Nimeshiba." Akamtazama mama yake kule nyuma. "Hapana, dada. Nina mimba. Tumbo limeshuka kama lako lilivyoshuka. Naomba usiache kukamuliwa."

Hayo ndiyo maneno ambayo Sikudhani aliyabeba kwenda kwa Mwatumu asubuhi zote zile, akayarudisha nyumbani bila kuyatua. Sasa aliyasikia kwa kinywa cha mwingine. Hakulia. Alimgeuzia Kibibi kiwele, akatanua miguu.

Kibibi akakamua. Safari hii hakumwaga. Alimpelekea Kabula lile ganda puani, akamwacha anuse, alijue.

Mnaniuliza mtoto wa Kabula aliishi? Sijui, watoto wangu. Hadithi niliyopewa mimi haikufika huko. Ninachojua ni kwamba siku mtoto huyo alipokuja, maziwa yalikuwa yanamngoja.

Na funzo lake ni hili, nalisema wazi ili hata aliyesinzia alipate. Kumwandalia mtoto anayeweza kuja mapema si kumwitia kifo. Tafuta mkono wa kukamua, tafuta chombo, na mwenye maziwa mwambie angali anayo. Wala asiyesema msimlaumu, kwa kuwa hofu ni nzito. Msaidieni aseme.

Hapo ukingoni ndipo hadithi yangu inapoishia, nami siendi nayo mbele zaidi.