Mama Kaa na Bwawa la Bwana Mamba

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na maji?"

"Yalikuwapo, yakafungwa!"

"Aliyeyafunga ana nini?"

"Ana meno!"

"Na aliyeyafungua?"

"Hatumjui, tutajie!"

Nitawatajia, lakini kaeni vizuri. Wewe Shekiondo, toa kidole puani. Hadithi hii naisimulia mara moja tu, na atakayenikatiza nitamwachia aimalizie mwenyewe.

Basi hapo kale palikuwa na Mamba mmoja, mkubwa, mgongo wake kama ganda la fenesi. Chakula chake kilikuwa samaki wa mtoni. Lakini wanadamu walikuja na nyavu za matundu madogo, na waliokosa nyavu wakavua kwa vyandarua vya kulalia. Wakazoa wakubwa, wakazoa wadogo, wakazoa na mayai. Mto ukabaki maji matupu. Mamba akalala na njaa siku saba.

Siku ya nane akapanda juu bondeni kutafuta chochote cha kutafuna. Huko akawaona wanadamu walewale wamechimba bwawa wanafuga perege, asubuhi wanawatupia pumba, jioni wanavua wawili watatu.

"Alaa!" akasema Mamba. "Kumbe samaki anafugwa kama kuku! Na mimi nitafuga."

Akarudi kwake, akachimba kwa mkia, pa! pa! pa! Akajenga tuta, akaingiza maji ya kijito, akatia perege. Perege hana mchezo kwa kuzaa. Wakazaana, wakazaana, mpaka ukitia mguu majini unakanyaga samaki. Mamba akaona raha. Akaziba tundu la kutolea maji kwa udongo na mawe.

"Tone langu, samaki wangu," akasema. "Hakitoki kitu hapa."

Bwawa likajaa pomoni. Maji mapya ya kijito yakakosa pa kuingia, yakapotelea porini.

Sasa, chini ya lile tuta, ndani ya mawe ya kijito, aliishi Mama Kaa na watoto wake arobaini. Maji yalipofungwa juu, huku chini yakaanza kukauka. Siku ya kwanza kikabaki kidimbwi cha ukubwa wa sinia. Watoto arobaini, sinia moja.

Mama Kaa akapanda tuta, kwacha, kwacha, kwacha.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Sema upesi, nalisha samaki."

"Watoto wangu wanakauka, Bwana. Nifungulie maji kidogo tu."

"Maji yakitoka, samaki wangu watatoka. Nenda zako!"

"Haya. Nitarudi kesho."

Asubuhi hiyo perege wote walikuwa wametoa midomo juu ya maji: pwa, pwa, pwa.

"Waone wanangu," akasema Mamba. "Njaa inawauma." Akawamwagia pumba gunia zima, mwaaa!

Siku ya pili kule chini kidimbwi kikawa bakuli. Watoto arobaini, bakuli moja. Mama Kaa akapanda tuta, kwacha, kwacha, kwacha.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba. Wewe tena?"

"Mimi tena. Leo sikuja kuomba, nimekuja kukuambia kweli. Hao samaki hawana njaa, wanakosa pumzi. Ni wengi mno, na pumba wasiyoila inazama na kuoza. Maji yamechoka, Bwana. Yaache yatoke, mapya yaingie."

Mamba akacheka, gha, gha, gha, mpaka tuta likatikisika.

"Wewe kutembea mbele huwezi, unakwenda upande upande, halafu unifundishe mimi ufugaji? Kuna nini ndani ya hilo gamba lako?"

"Nitarudi kesho," akasema Mama Kaa.

Na perege, pwa, pwa, pwa! Mamba akaongeza magunia mawili. Mwaaa! Mwaaa!

Siku ya tatu bakuli likawa kifuu. Watoto arobaini, maji ya kifuu! Wakapandana migongo. Kitindamimba, ambaye kila siku alimfinya mama yake kwa uchokozi, siku hiyo hakumfinya. Alilala tu kando ya jiwe. Mama Kaa akalia. Ndiyo, kaa analia! Na macho yake yako juu ya vijiti, kuyafuta ni kazi. Akayafuta moja moja, akasema, "Nimemwomba, amekataa. Nimemwambia kweli, amecheka. Leo nitampa anachokipenda."

Akapanda tuta. Bwawa lilikuwa linanuka. Perege kumi walikuwa wameelea, matumbo juu, na waliobaki wanahema, pwa, pwa, pwa. Mamba alikuwa anajikuna kidevu, hajui la kufanya.

"Shikamoo, Bwana Mamba. Hongera!"

"Hongera ya nini, na samaki wanakufa?"

"Wanakufa kwa hofu. Kumbe husikii wanachosema?"

"Wanasema nini?"

Mama Kaa akainama majini, akatega sikio. Kaa ana sikio? Shekiondo, nimekwambiaje? Akatega.

"Pwa, pwa, pwa," wakasema perege.

"Mama yangu!" akasema Mama Kaa. "Wanasema: Mkuu wetu anakuja. Wanamtaja Samaki Mkuu, baba wa perege wote. Ana upana wa mlango na mafuta yanamchuruzika. Amesikia sifa za pumba yako. Anapanda kutoka mtoni, lakini harufu imekatika njiani kwa sababu umeziba tundu."

Mate yakamdondoka Mamba, tii, tii, tii.

"Upana wa mlango?"

"Mlango wa mbao."

"Nikifungua, hawa wangu si watatoka?"

"Nitakusukia uzio wa matete hapo tunduni. Akifika Mkuu wewe unauinua tu."

Mamba hakungoja. Akatoa mawe, akatoa udongo, na maji yakatoka, chururuuu! Mama Kaa akasuka uzio upesi, akaacha nafasi za vidole viwili viwili. Samaki mnene hapiti. Mdogo anapita bila kuinamisha kichwa.

"Sasa, Bwana," akasema, "lala hapa chini ya tundu, maji yakupitie mdomoni. Panua mdomo. Usiufunge hata kidogo. Taya zako zikigongana, kwa! Mkuu atasikia, atarudi."

Mamba akalala, akapanua mdomo. Mara perege wadogo wakaanza kuchomoka kwenye uzio. Wakapita juu ya ulimi wake, wakapita kati ya meno yake, wakashuka mtoni, chubwi, chubwi, chubwi.

"Kitu gani hicho kinanitekenya?" akauliza Mamba, mdomo wazi.

"Wajumbe. Wanakwenda kumlaki Mkuu."

"Mmoja tu nimeze!"

"Bwana Mamba! Mjumbe hauawi. Ukimla mjumbe, ujumbe utafika vipi?"

Mamba akaona ni kweli. Akavumilia.

Maji yakashuka mawe kwa mawe. Yakajaza kifuu, yakajaza bakuli, yakajaza sinia, yakapita. Mama Kaa akateremka mbio, upande upande, mpaka kwenye lile jiwe. Kitindamimba alikuwa ndani ya maji, hatikisiki. Mama akamgusa. Akamgusa tena. Akamwita. Ndipo yule mtoto akafumbua gando lake moja, akamfinya mama yake, nya! Mama Kaa hakuwahi kufurahia maumivu namna ile.

Na bwawani maji mapya ya kijito yakaingia. Perege waliobaki walikuwa wachache, wana nafasi, wana pumzi, wakanenepa. Pumba aliitupa Mama Kaa, konzi moja asubuhi, konzi moja jioni, basi. Na mtoni samaki wakaonekana tena.

Mamba je? Nendeni mkamwone. Yupo kando ya maji mpaka leo, mdomo wazi, anamngoja Samaki Mkuu. Ukimuuliza, hajibu, anaogopa taya zisigongane.

Haya, funzo la hadithi, na mlishike: watoto, semeni kweli, maana kweli ndiyo iliyofungua maji, na uongo haujamnywesha mtu hata tone.

Mnacheka nini? Mimi nafundisha! Mama Kaa alisema uongo, na ameadhibiwa vikali: ana watoto arobaini wanene na maji mpaka shingoni, naye shingo hana.

Hadithi yangu imekwenda na maji. Anayeitaka ateremke aifuate, na asiyeitaka akae na Mamba angoje.